Kimya cha Mpiga Kura na Ushuru wa Kaunti

Msikilizaji mpenzi, kwetu Pwani kuna desturi ya zamani katika mambo ya ndoa. Posa ikishapokewa, mwanamwali huulizwa kama ameridhika na mtu aliyemposa. Akijibu, vyema. Akiinamisha kichwa asiseme neno, wazee hutoka nje wakasema amekubali, kwani kunyamaza kwake ndiyo ridhaa yake. Wako wanaoisifu desturi hiyo na wako wanaoilaumu, na sikuja leo kuwaamua. Nataka ulitazame jambo moja tu lililomo ndani yake, nalo ni kwamba huulizwa kwanza. Hata mzee mkali namna gani hathubutu kukihesabu kimya cha bintiye kuwa ridhaa kabla swali halijapita.

Nimeanza huko kwa makusudi. Katika serikali zetu za kaunti kuna kimya kikubwa kinachohesabiwa kuwa ridhaa, na swali lenyewe halikupita. Kimya hicho ni cha watu wasiopiga kura, na ridhaa inayodaiwa ni ya kutoza ushuru.

Tuziangalie hesabu kwanza. Machi 4, 2013, tulipochagua magavana kwa mara ya kwanza chini ya Katiba ya 2010, katika kila wapiga kura 100 walioandikishwa walijitokeza karibu 86. Foleni za siku ile mnazikumbuka, zilizunguka shule mara mbili. Agosti 2017 waliojitokeza walikuwa chini ya 80. Agosti 9, 2022 wakashuka mpaka karibu 65. Daftari la mwaka huo lilikuwa na majina 22,120,458, kwa hiyo waliobaki nyumbani walizidi milioni 7 na nusu. Na hao ni wale wenye majina daftarini. Mtu mzima ambaye hakujiandikisha kabisa hamo katika hesabu hii, na wengi wa namna hiyo ni vijana. Tume ya Uchaguzi yenyewe ilipolifunga daftari la 2022 ilitangaza kwamba vijana wa miaka 18 hadi 34 waliomo walikuwa wamepungua kwa kiasi cha asilimia 5 kuliko 2017, ilhali kila mwaka vijana wapya huchukua vitambulisho.

Sasa tuifanye hesabu ya nyumbani. Chukua kaunti ya mfano, usiipe jina. Ina wapiga kura 100. Siku ya kura wakaja 65. Wagombea ugavana ni wanne, na mshindi akapata asilimia 40 ya kura zilizopigwa. Hizo ni kura 26. Rais akipata asilimia 40 hatangazwi, kwani Katiba inamtaka apite nusu ya kura zote, na zaidi ya hayo apate angalau robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti. Gavana hakuwekewa sharti hilo. Ibara ya 180 inasema mwenye kura nyingi kuliko wenzake ndiye aliyechaguliwa, basi. Kwa hiyo mtu wetu anaapishwa, anapigiwa saluti, bendera inatiwa kwenye gari lake, na waliomtuma ni watu 26 katika 100.

Je, huyo ni gavana halali? Ni halali kabisa, na mtu asininukuu kwamba nimesema vingine. Sheria ya mchezo ilijulikana kabla mpira haujaanza. Aliyekaa nyumbani hawezi kusimama kesho yake akasema huyu simtambui. Ubishi wangu ni mwingine. Nauliza hao 26 walimtuma nini.

Tukumbuke jinsi tunavyopiga kura. Mpiga kura Mkenya huingia katika chumba kile na karatasi sita mkononi: ya rais, ya gavana, ya seneta, ya mbunge, ya mwakilishi wa wanawake na ya diwani wa wadi. Miezi minane kabla ya hapo amesikia habari za karatasi moja tu. Redio, magazeti, mikutano na mabishano ya barazani yote ni ya urais. Ugavana huvutwa nyuma yake kama behewa linavyovutwa na garimoshi. Waulize majirani zako mgombea ugavana waliyempigia alisema atatoza ada ya soko kiasi gani, au atafanya nini na kodi ya viwanja. Nami nimewauliza wangu. Walikumbuka wimbo wake wa kampeni.

Halafu mwaka wa kwanza ukipita, bunge la kaunti huletewa Mswada wa Fedha. Humo ndimo ada zinamopandishwa: leseni ya duka, maegesho ya magari, ushuru wa mazao yanayovuka barabara, kibanda, mkokoteni, bango la kinyozi. Watu wakilalamika jibu huwa tayari, nalo ni hilihili kutoka kaunti moja hadi nyingine: wananchi walitupa kazi hii kwa kura zao, tuacheni tuifanye. Hapo ndipo wale 26 wanapogeuzwa kuwa 100, na karatasi yenye picha ya mtu inapogeuzwa kuwa hati ya kukubali bei.

Katiba haikuzipa kaunti kodi nyingi. Ibara ya 209 imeiachia serikali kuu kodi ya mapato, kodi ya thamani ya bidhaa, ushuru wa forodha na ushuru wa bidhaa. Kaunti zikaachiwa kodi ya viwanja na majengo, kodi ya burudani, na nyingine yoyote ambayo Bunge litaruhusu kwa sheria. Baada ya hapo zinaruhusiwa kutoza ada kwa huduma zinazotoa. Naomba ulishike neno hilo, ada kwa huduma, kwa kuwa nitalirudia.

Kwa kuwa kodi za kaunti ni chache, pesa nyingi hutoka Nairobi kama mgao. Mwaka wa kwanza wa ugatuzi, yaani 2013/14, mgao ulikuwa shilingi bilioni 190. Mwaka 2023/24 ulikuwa bilioni 385. Na kaunti zote 47 zenyewe zilikusanya nini? Mwaka ule wa kwanza zilikusanya kiasi cha bilioni 26, na 2023/24 karibu bilioni 59. Tukiziweka fedha hizo mbili pamoja, katika kila shilingi 100 kaunti ilijitafutia kiasi cha 13, na 87 zililetwa. Tena katika hizo 13 zimo pesa ambazo wagonjwa hulipa katika hospitali za kaunti. Sijui kama ni jambo la kujivunia serikali ikisema mapato yameongezeka, kumbe sehemu yake imetoka kwa mtu aliyelazwa.

Hesabu hii ya 87 na 13 ndiyo inayoeleza mambo mengi tunayoyaona. Serikali inayoletewa 87 huelekeza macho kule zinakotoka. Mgao ukichelewa, magavana wote kwa sauti moja hupiga kelele na kutishia kufunga ofisi, na wana haki ya kulalamika, maana mishahara hukwama kweli. Lakini hizo 13, ambazo ndizo za mwenyeji, hazina wa kuzililia. Mwananchi naye huona pesa za kaunti ni za Nairobi, si zake, hivyo zikifujwa hukasirika kama anayeangalia ng'ombe wa jirani akiibwa. Ndipo inapomwia rahisi kukaa nyumbani siku ya kura.

Ila si kila mwananchi aonavyo hivyo. Kuna mtu mmoja ambaye hizo 13 anazijua kwa sura, naye ni mchuuzi. Katika soko moja la hapa Pwani nilimkuta mama muuza mboga akilipa ushuru wa siku kwa simu, na kijana wa kaunti amesimama juu yake akisubiri ujumbe uingie. Nikamuuliza, "Mama, 2022 ulipiga kura?" Akacheka. "Sikupiga, mwanangu. Nilikuwa na mzigo wa nyanya, ungeoza." Nikamwambia basi hana haki ya kumlaumu gavana. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mtoto aliyesoma sana. "Kura ni mara moja kwa miaka mitano, na waweza kukaa nyumbani usiseme kitu. Huyu wa ushuru, ukikaa nyumbani ndiyo umelala njaa. Hebu nyanyua kichwa." Nikanyanyua. Juu yetu palikuwa na mabati matatu, na baina yao mbingu.

Hapo ndipo lile neno linaporudi. Ushuru anaolipa mama yule si kodi kwa lugha ya Katiba. Ni ada kwa huduma. Anauziwa kitu: paa, choo, maji, taka kuondolewa, mlinzi wa usiku. Mfanyabiashara wa kawaida akikutoza bei ya kitu asikupe, una jina la kumwita. Kaunti inayomtoza mtu ada ya soko lisilo na choo haiwezi kujitetea kwa kusema ilichaguliwa.

Na wakati mama huyu analipa kila kunapokucha, kodi ambayo Katiba hasa ilizipa kaunti, kodi ya viwanja, imelala. Nairobi, jiji lenye ardhi ya bei kali kuliko zote nchini, lilikaa miaka na miaka likitoza kodi hiyo kwa kutumia orodha ya thamani iliyotengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Fikiri kiwanja kilichokuwa shamba la kahawa wakati ule na leo kimebeba jumba la ghorofa ishirini. Orodha ilipoanza kufanywa upya, waliokimbilia mahakamani na magazetini hawakuwa wauza nyanya. Kupanga thamani za viwanja upya kunamgusa mwenye wakili na mwenye simu ya gavana, ilhali kupandisha ada ya kibanda kunamgusa mtu ambaye hakupiga kura na pengine hatapiga. Sasa msikilizaji, wewe ungekuwa mwanasiasa ungeanza na yupi?

Ndiyo maana nasema upungufu wa wapiga kura si aibu ya siku moja tu inayopita na matokeo. Unaamua mzigo wa kodi utawekwa bega la nani. Anayenyamaza kituoni huwekwa wa kwanza kwenye orodha ya kutozwa.

Wako wanaosema dawa ni kuweka kiwango, kwamba wasipojitokeza nusu ya wapiga kura uchaguzi uwe si kitu, au gavana asipandishe ada. Ni wazo la kuvutia, lakini limewahi kujaribiwa mahali, na yaliyotokea yafaa tuyajue. Nitakupeleka Uskoti, ile nchi iliyo kaskazini mwa Uingereza ambayo nayo inaendesha serikali ya ugatuzi chini ya London.

Machi 1, 1979 Waskoti waliulizwa kama wanataka baraza lao la kutunga sheria. Waliosema ndiyo walikuwa 1,230,937, waliosema hapana 1,153,502. Ndiyo ilishinda kwa asilimia 51.6, na baraza halikupatikana. Kwa nini? Kwa sababu Bunge la London lilitia kifungu kwamba waliosema ndiyo lazima wafike asilimia 40 ya wote walio daftarini, waliokuja na wasiokuja. Walifika asilimia 32.9. Aliyekuwa mgonjwa, aliyesafiri, aliyepuuza na aliyesahau, wote walihesabiwa kuwa wamesema hapana. Kwa hiyo huko kimya kilifanywa kukataa, kama kwetu kinavyofanywa kukubali, na katika nchi zote mbili aliyekitafsiri ni mwenye nguvu, kwa faida yake. (Waziri Mkuu wa siku hizo, James Callaghan, hakunufaika nacho. Mwezi uleule serikali yake ilianguka bungeni kwa tofauti ya kura moja, 311 kwa 310.)

Yaliyofuata yanatuhusu zaidi. Waskoti wakabaki chini ya London, na London ikawaletea kodi ambayo hawakuitaka. Mwaka 1989, mwaka mmoja kabla ya Uingereza yenyewe na Wales, serikali ya Margaret Thatcher iliwatwisha Waskoti kodi ya kichwa ya kuendeshea serikali za mitaa. Watu wazima wa mtaa mmoja walitozwa kiasi kilekile, mwenye kasri na mwenye chumba cha kupanga, ingawa maskini kabisa walipunguziwa. Chama chake kilikuwa na viti 10 kati ya 72 vya Uskoti. Kisheria alikuwa na kila uwezo. Watu wakakataa kulipa kwa malaki. Na wengine wakafanya jambo la kusikitisha zaidi: kwa kuhofu kwamba wenye kodi watawatafuta kupitia daftari la wapiga kura, wakaacha kujiandikisha. Kodi ikala kura. Machi 31, 1990 kukawa na ghasia katikati ya London, Novemba mwaka huo Thatcher akaondoka madarakani, na 1993 kodi ile ikabadilishwa kwa nyingine inayofuata thamani ya nyumba.

Sisi wa huku tusijione wageni katika hadithi hiyo. Kodi ya kibanda ilianza Kenya 1901, na wajumbe wa kwanza Waafrika wa kuchaguliwa kwa kura waliingia Baraza la Kutunga Sheria 1957. Katikati ni miaka 56 ya kulipa bila kuulizwa. Babu zetu walitembea na risiti kama watembeavyo watu na hirizi, maana kukutwa huna risiti kulikuwa na taabu yake.

Sasa Septemba 11, 1997 Waskoti walipoulizwa tena, hakukuwa na lile sharti la asilimia 40, na karatasi zilikuwa mbili. Ya kwanza iliuliza kama wanakubali kuwe na Bunge la Uskoti. Ya pili, peke yake, iliuliza kama bunge hilo liwe na uwezo wa kubadilisha kodi. Uwezo wenyewe ulikuwa mdogo, kuongeza au kupunguza kiwango cha chini cha kodi ya mapato kwa peni tatu katika kila pauni. Walijitokeza asilimia 60. Bunge lilikubaliwa kwa asilimia 74.3 na kodi kwa asilimia 63.5. Tazama tofauti hiyo ya asilimia 11. Ni watu waliosema: bunge nalitaka, kodi silitumi. Lau pangekuwa na karatasi moja, watu hao wangehesabiwa wameikubali kodi pia, na asingejua mtu kwamba wapo. Kwetu wako wangapi wa namna hiyo? Waliomtaka gavana wasiitake bei yake? Hatuna namna ya kujua, kwa sababu karatasi ni moja.

Zile peni tatu hazikuwahi kutumiwa hata mara moja. Lakini uwezo wa kutoza uliokuja baadaye, mkubwa kuliko ule, Uskoti imeutumia, na tangu 2018 wenye vipato vikubwa huko hulipa zaidi kuliko wenzao wa Uingereza. Kila uchaguzi vyama hubishana wazi juu ya viwango hivyo. Waliojitokeza kuchagua Bunge la Uskoti 2003 hawakufika nusu, na 2021 walikuwa asilimia 63.5. Sitasema ni kodi peke yake iliyowatoa nyumbani, kwa maana katikati palikuwa na ile kura ya uhuru ya 2014 iliyoamsha kila mtu. Nasema tu kwamba kubishana juu ya kodi hadharani hakukuwafukuza.

Turudi nyumbani. Je, sheria yetu haina swali la pili? Inalo, ila limefichwa. Katiba inazitaka kaunti zishirikishe umma katika mambo ya fedha na katika kutunga sheria, na Mswada wa Fedha wa kaunti huletwa kila mwaka. Huo ndio mlango wa kuulizwa. Aliyetaka kujua una upana gani angesoma hukumu ya Kiambu. Kaunti hiyo ilipitisha sheria yake ya fedha ya 2013, wakazi wakaenda Mahakama Kuu, na Aprili 2014 Jaji George Odunga akaibatilisha yote kwa sababu watu hawakushirikishwa ipasavyo. Alisema kukusanya watu wachache siku moja katika hoteli ya nyota tano hakuwezi kuitwa kushirikisha umma. Akasema inapohusu kodi na ada, wajibu huo ni mzito zaidi, na bunge la kaunti linapaswa kuwahimiza watu kwa kila njia: makanisani, misikitini, mahekaluni, barazani, na katika redio za taifa na za lugha za kienyeji. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ikaiacha hukumu hiyo isimame.

Ni hukumu ambayo ningependa ibandikwe mlangoni mwa kila bunge la kaunti. Lakini angalia linalofanyika. Tangazo hutoka gazetini Ijumaa kwa herufi za kutafutwa kwa miwani. Mkutano ni Jumanne, saa tatu asubuhi, saa ambayo mchuuzi yuko sokoni, wa bodaboda yuko barabarani na mkulima yuko shambani. Ukumbi ni mmoja kwa wadi tano. Mswada ni kurasa mia na zaidi, kwa Kiingereza, na nakala ni mbili. Wanaokuja ni walewale, wanapewa soda, wanaandika majina, na karatasi ya majina ndiyo inayokwenda mahakamani kuonyesha kwamba umma ulishirikishwa. Tena huletwa baada ya bajeti kupita, kwa kuwa sheria inaruhusu Mswada wa Fedha ukamilishwe hadi siku 90 baadaye. Matumizi yamekwisha kuamuliwa ndipo unaulizwa kama uko tayari kulipa. Mimi nikialikwa karamu ya namna hiyo sendi.

Na mtu asidhani kwamba asiyepiga kura hasikii. Juni 2024 tuliona. Mswada wa Fedha wa serikali kuu uliwatoa barabarani vijana ambao wengi wao, kwa hesabu zile nilizozitaja, hawakuwa katika foleni za 2022. Juni 25 wakaingia Bungeni, watu wakauawa kwa risasi, na kesho yake Rais William Ruto akasema hatautia saini. Wabunge walikuwa wameupitisha kwa kura halali, wabunge waliochaguliwa kihalali. Uhalali huo haukutosha kuubeba mzigo ule. Kaunti nazo zikaumia, kwani mgao uliokuwa umepangwa kuwa bilioni 400 mwaka wa 2024/25 ulikatwa ukawa bilioni 387. Basi hata gavana aliyedhani ule ni ugomvi wa Nairobi uliingia katika chungu chake.

Kuna kimya kingine cha kukumbuka. Oktoba 26, 2017, uchaguzi wa urais uliporudiwa baada ya Mahakama ya Juu kuufuta ule wa Agosti, walijitokeza asilimia 39 tu, kwa kuwa marehemu Raila Odinga aliwaambia wafuasi wake wasiende. Hakuna aliyeweza kusema wale waliobaki nyumbani siku ile waliridhika. Kila mtu alielewa walichosema. Nashangaa kwa nini tunaelewa kimya cha aliyeagizwa na kiongozi, lakini kimya cha mama wa nyanya tunakitia mfukoni kama chenji.

Nitaombwa niseme basi tufanye nini, nami nitasema machache, sina mengi. Mgombea ugavana katika uchaguzi wa 2027 aandikishe pamoja na picha yake karatasi moja, ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, ionyeshe ada tano kubwa za kaunti: leo ni kiasi gani, naye atazifanya kiasi gani. Asiyeandika asije baadaye kusema alitumwa. Mkutano wa Mswada wa Fedha ufanywe sokoni, siku ya soko, jioni, na diwani mwenyewe asome bei za mambo yanayohusu soko lile, aache habari za mabango na minara. Wakihudhuria kumi, basi aandike kumi. Na kabla ada ya kibanda kuongezwa shilingi moja, kaunti ionyeshe orodha yake ya thamani za viwanja ni ya mwaka gani na mwaka jana ilikusanya kiasi gani kwa wenye viwanja.

Hilo la mwisho ni swali ambalo hata wewe unaweza kulipeleka bila kungoja 2027. Ibara ya 35 ya Katiba inampa kila raia haki ya kupata habari iliyoko mikononi mwa dola, na kaunti ni dola. Andika barua ya mistari miwili kwa karani wa bunge la kaunti yako: orodha ya thamani za viwanja inayotumika ni ya mwaka gani, na Mswada wa Fedha utasomwa lini na wapi katika wadi yetu. Weka nakala, na tarehe. Wakikujibu, nitumie jibu lao kwa anwani ile ile ya kipindi, nami nitalisoma hapa. Wasipokujibu, nitumie nakala ya barua, nitaisoma hiyo.

Wiki ijayo panapo majaliwa nitazungumza juu ya maegesho ya matatu, maana barua zenu juu ya jambo hilo zimejaa meza. Kwa leo, alamsiki.